Naomba ushauri: saiberpanki ya kwetu Lubumbashi

Wandugu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Lubumbashi, kila Jumamosi tunacheza mchezo wa kuigiza wa mezani, kwa dadu na karatasi. Mimi ndiye msimulizi. Tunataka saiberpanki, yaani hadithi za kubuni za siku zijazo: kampuni zenye nguvu kuliko serikali, wadukuzi, watu wenye viungo vya mashine. Nilianza na mvua na taa za neoni kama za Tokyo. Wachezaji wakapiga miayo. Nikajaribu kwetu: ule mlima mweusi wa terili (mabaki ya kuyeyusha shaba) na bomba lake refu la moshi, kobalti ya betri, fundi simu anayefunga watu mikono ya chuma kibandani. Hapo waliamka! Sasa nimekwama. Mdukuzi aibe nini ambacho kampuni ya madini itaua ili kukirudisha? Na umeme ukikatika (mnatujua), mkono wa chuma ufanyeje?