Kafunga daftari! Mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kafunga daftari!

Kwaya Tatu (mtoa mada)

Wakuu, mwenyekiti wetu wa kijiji mnamjua. Sina haja ya kumtaja jina. Hata mtoto wa chekechea ukimuuliza nani anavaa kofia ya pama na biro mbili sikioni, atakushika mkono akupeleke mpaka mlangoni. Leo saa sita kasoro, chini ya mkorosho wa ofisi ya kijiji, KAFUNGA DAFTARI.

Lile kauntabuku la kwaya tatu, jalada jeusi, mgongo umebandikwa gundi ya karatasi. Alikuwa anasoma mapato na matumizi ya choo cha shule. Mapato: kaya 412, kila kaya 10,000, jumla 4,120,000. Matumizi: saruji mifuko 120 kwa 16,000, inakuja 1,920,000. Mchanga na kokoto 640,000. Nondo na waya 385,000. Ufundi 600,000. Akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma: "Mengineyo, 575,000." Mama mmoja wa safu ya mbele, mtoto mgongoni, akanyoosha mkono na kuuliza kwa adabu zote: "Samahani mwenyekiti, mengineyo yapi?"

PAH! Likafungwa. Kishindo kile, kuku waliolala chini ya pikipiki ya mtendaji wametawanyika na mpaka sasa wengine hawajarudi. Halafu akatamka: "Mengine si ya kusomwa mkutanoni."

Si ya kusomwa mkutanoni! Mkutano mkuu ndio wenye kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 haijamung'unya maneno: mkazi yeyote aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu, na mkutano huo ndio wenye kauli ya juu kijijini. Halmashauri ya kijiji, pamoja na pama yake, inatekeleza. Mkutano uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Wa mwisho ulikuwa kabla ya korosho, na korosho zimeshauzwa. Yaani tumengoja msimu mzima kuja kutazama mtu akifunga daftari.

Na karatasi ya mahudhurio tulishasaini! Ilizungushwa watu wakiwa bado wanatafuta kivuli. Haina tarehe, haina ajenda, haina namba ya ukurasa. Safu tatu tu: jina, kitongoji, sahihi. Karatasi ya hivyo unaipini nyuma ya muhtasari wowote unaoupenda. Wiki ijayo kata nzima itaambiwa wananchi 137 wameipokea taarifa ya fedha na kuiridhia. Tumeridhia lini? Kafunga daftari!

Yatokanayo

Nauliza jambo moja: taarifa ya fedha ilikuwa ajenda ya ngapi? Mpangilio unajulikana. Kufungua, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, kisha mapato na matumizi watu wakiwa bado na nguvu. Ukiona fedha zimesukumwa mwisho kabisa, baada ya mgeni wa chanjo, mgeni wa pembejeo na tangazo la mbuzi waliopotea, hapo hesabu imepangwa isomwe kwa viti vitupu. Ajenda ikishasomwa tu, kabla mkutano haujaanza kuijadili, mjumbe anasimama na kuomba fedha zipandishwe ziwe ya nne. Ukichelewa hapo umechelewa.

Kwaya Tatu (mtoa mada)

Ilikuwa ya tisa. Ya tisa! Na bado kafunga daftari.

Simba wa Kitongoji

Mtoa mada, acha kutupigia kelele. Mlikuwa watu 137. Mama wa watu, na mtoto mgongoni, kauliza peke yake, nyie 136 mkawa mnahesabu vidole vya miguu. Daftari halijifungi mbele ya mikono kumi iliyonyooka. Swali likikataliwa, mtu wa pili anasimama anauliza lilelile, neno kwa neno. Wa tatu anamgeukia mtendaji, maana yeye ndiye katibu wa mkutano, anamwambia: "Andika kwamba swali hili limeulizwa na halikujibiwa." Lisipoingia kwenye muhtasari, mkutano ujao hakuna yatokanayo, na yule bwana atakwambia hakumbuki kitu kama hicho. Umekuja mtandaoni na hasira ambayo ilitakiwa iishie chini ya mkorosho.

Kwaya Tatu (mtoa mada)

Nilinyoosha mkono, mkuu. Lilikuwa limeshafungwa na liko kwapani. KWAPANI.

Fundi Pima Maji

Mengineyo wekeni pembeni kwanza, mimi nimesimama kwenye saruji. Mifuko 120 kwa choo cha matundu mangapi? Kama ni manne yale ya kawaida, urefu mita 6, upana 2, kimo 2.2, na vizuizi vitatu ndani, ukuta wote ni kama mita za mraba 48. Tofali za inchi 6 zinaingia kama 10 kwa mita ya mraba, hizo 480. Mfuko mmoja ukitoa tofali 35, ni mifuko 14. Ya kujengea 7. Shimo likijengewa kwa tofali mpaka chini, weka 21. Msingi 10, slabu 9, plasta ndani na nje 10. Jumla 71. Nimekuwa mkarimu na bado mifuko 49 haina ukuta. Nendeni pale shuleni na futi kamba, hesabuni kozi za tofali. Hakuna anayeweza kufunga ukuta kama daftari.

Halafu ulizeni kamati ya mapokezi. Mzigo wa saruji ukishushwa, kamati inahesabu na kusaini hati ya kupokelea siku hiyohiyo, na stoo panakuwa na leja ya kuingia na kutoka. Kama waliosaini hawakumbuki gari lilikuja siku gani, walisainishwa karatasi, saruji hawakuiona.

Mama Stakabadhi

Naongezea kwenye mapato, kote mmekimbilia matumizi. Kaya 412 zimelipa zote? Niambieni kijiji ambacho kaya zote zililipa mchango wowote tangu dunia iumbwe. Ombeni vitabu vya stakabadhi. Kila kitabu kina namba ya kwanza na ya mwisho. Iliyoharibika haichanwi, inabaki kitabuni na nakala yake, imepigwa mistari miwili. Mkihesabu mkakuta stakabadhi 300, ile 412 ni idadi ya kaya tu, wala si fedha iliyokusanywa. Na mkikuta zaidi ya 412, hilo nalo lina maelezo yake.

Na huyo mama aliyeuliza mpeni pole. Sauti ya mwanamke kwenye mikutano hii inafungiwa daftari kila siku, leo tu ndiyo limesikika.

Nakala Kwa

Andikeni barua, ukurasa mmoja unatosha. Kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, mkurugenzi wa halmashauri, na TAKUKURU wilaya, wale wa kuzuia rushwa. Tarehe ya mkutano, swali lilivyoulizwa, jibu lilivyotolewa, na ombi moja tu: taarifa ya mapato na matumizi pamoja na mchanganuo wa hiyo 575,000 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Msitukane, msimtaje mama wa mtu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni hadithi.

Karatasi ya mahudhurio nayo, siku nyingine kabla hujasaini andika juu kabisa: tarehe, "mahudhurio tu", na ajenda. Wa mwisho akishasaini, piga mstari chini ya jina lake na uandike jumla kwa namba na kwa maneno. Nafasi tupu chini ya majina ndiko wanakozaliwa wajumbe wa usiku.

Hekta

Nyie mnalilia choo, sisi tunalilia nchi. Kwetu mahudhurio ya mkutano wa chandarua yamepiniwa kwenye muhtasari wa kugawa ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuidhinisha. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwenda ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, hekta 250 kurudi chini ni mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa, ikizidi hapo inakwenda kwa Waziri. Sasa watu wamesaini chandarua, wameamka wanaona bikoni za mipaka shambani. Afadhali yenu kafunga daftari, letu hata halijawahi kufunguliwa.

Kwaya Tatu (mtoa mada)

Mkuu Hekta pole, ila fungua uzi wako. Hapa tunaongelea daftari.

Wa Ng'ambo ya Namanga

Habari zenu ndugu zetu. Huku Kenya hatufungiwi daftari, tunapewa kitabu kizima. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, basi wananchi wanaitwa siku za mwishomwisho. Mlangoni unapewa kurasa kama mia mbili, zote Kiingereza, unapewa dakika tatu za kuongea, kisha soda. Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka uwazi na wananchi washirikishwe kwenye fedha za umma. Soda si kushirikishwa! Anayetaka barabara ya wadi yake iingie, asingoje Aprili. Aingie kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ule unaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba. Bajeti inafuata mpango, na ukikosekana Septemba, Aprili unaenda kunywa soda.

Simba wa Kitongoji

Nyie angalau mna soda.

Kiwanja Hamsini kwa Thelathini

Hakuna anayeongelea asilimia kumi? Ukiuza kiwanja unaambiwa mwenyekiti hagongi muhuri bila asilimia kumi ya bei. Ipo kwenye sheria ndogo ipi? Iliamuliwa na mkutano gani? Stakabadhi haitolewi, ukiiomba unaambiwa muhuri umekauka wino. Hilo ndilo la kufungulia uzi, choo kitajengwa tu.

Kwaya Tatu (mtoa mada)

Choo kitajengwa kwa kitu gani na daftari limefungwa?

Kiwanja Hamsini kwa Thelathini

Fundi Pima Maji, samahani, nikitaka tofali za inchi 5 mfuko unatoa ngapi? Nazungushia uzio.

Fundi Pima Maji

40, mchanga ukiwa safi. Usimruhusu mfyatuaji avuke hapo, kuna wanaofika 60 na tofali linavunjika ukilikohoa. Mwagilia asubuhi na jioni siku 7, funika na nyasi. Urefu wa uzio wako mita ngapi?

Kiwanja Hamsini kwa Thelathini

48 kuzunguka, ukitoa geti.

Mama Stakabadhi

Na risiti ya saruji uchukue.