Je, pembe ya ng'ombe inayofanana na gamba la ng'amba inamtetea ng'amba au inamuuza?

Kidani cha Likoni
Salaam kwenu mafundi wenzangu. Mimi hutengeneza vipuli na vidani hapa Mombasa kwa shaba ninayoiyeyusha kutoka kufuli mbovu na koki za mabomba, pamoja na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Marehemu bibi yangu aliniachia chanuo cha gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, chenye mabaka ya rangi ya asali na kahawia, na kila nikikishika hunijia mambo mawili kwa pamoja: mikono yake ikinisuka nywele, na yule mnyama aliyebanduliwa magamba ili mimi nisukwe. Hayo mawili ndiyo ninayotaka kuyaweka katika seti moja ya mapambo, na sehemu ya mauzo iende kwa vijana wanaolinda viota vya kasa ufukweni. Tatizo ni kwamba pembe ikishang'arishwa hufanana mno na gamba lenyewe. Wiki iliyopita mteja alishika kipuli cha majaribio, akauliza kwa furaha kama ni ng'amba halisi, na nilipomwambia ni pembe ya ng'ombe akakirudisha mezani. Je, pambo la kumtetea ng'amba lifanane naye, au kufanana huko ndiko kunakoendeleza tamaa?

Fundi Tupa
Dada, mteja huyo amekwisha kukujibu. Pembe na gamba hilo ni keratini, kama kucha zetu, na ndiyo maana vyote viwili hulainika kwa maji ya moto vikakubali kukandamizwa. Biashara ya magamba hayo katika pwani yetu ni ya kale: mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza unayataja miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki, pamoja na pembe za ndovu. Tamaa ya umri huo haiondolewi na kikaratasi kinachosema "hili si gamba". Mimi ningeacha kabisa vipande vyenye mabaka. Chagua pembe nyeusi tupu, uichonge kwa kufuata nyuzi zake, kisha uache ukingo mmoja bila kuupiga msasa, ili anayeigusa atambue kwa kidole kwamba ni pembe. (Na uvae barakoa unapoipiga tupa, maana vumbi lake huingia kifuani, harufu yake unaijua.)

Bint Shela
Fundi amesema kweli kuhusu mabaka, lakini ukiondoa kila alama ya ng'amba utabaki na vipuli vizuri vya pembe, na bibi hayumo. Pambo ni kama leso: hununuliwa kwa jina lake, na mvaaji ndiye anayejua anamwambia nani. Mgongo wa ng'amba una magamba makubwa 13, matano katikati na manne kila upande. Fua fremu ya shaba yenye madirisha 13 kwa umbo hilo, uyaache matupu, ngozi ya mvaaji ionekane pale gamba lilipokuwa. Mtu akiuliza mbona kidani hakina kitu ndani, mvaaji atakuwa amepata pa kuanzia.

Mzee wa Lehemu
Wazo la madirisha nimelipenda, ila hakuna aliyeigusa shaba yenyewe. Koki nyingi za zamani zina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo kulabu inayopita katika nyama ya sikio isitokane nazo, tumia fedha. Yeyushia nje, penye upepo, kwa kuwa moshi mweupe wa zinki huleta homa usiku, na sioni uendelevu wa pambo ambalo fundi wake analala akitetemeka. Kuhusu chanuo, usikiweke kwenye meza ya mauzo wala usikivushe mpaka bila kibali: ng'amba yumo katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya 1970.

Kidani cha Likoni
Ahsanteni sana. Jana usiku nilikata umbo hilo kwa karatasi, nikalijaribu shingoni mbele ya kioo. Dirisha la juu kabisa nitalijaza pembe nyeusi yenye ukingo mkavu, kwa ajili ya bibi, na yale 12 yatabaki wazi. Chanuo kimerudi sandukuni. Bei ya kulabu za fedha itanipandishia gharama, kwa hiyo, Mzee, kama unajua sonara anayeuza mabaki ya fedha kwa uzito mdogo, nielekeze.