Tupeane uzoefu: tunamlishaje mgonjwa ambaye kinga imeshuka bila kumuua na njaa?

Kisamvu cha Nazi

Wakuu habari za usiku, niende moja kwa moja. Bimkubwa yuko kwenye kemo (dawa kali za kansa) hospitali ya Ocean Road, ni kansa ya titi, na daktari katuambia chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zinashuka sana kuanzia kama siku ya saba mpaka ya kumi na nne baada ya kila dozi, kwaiyo kipindi hicho tuwe makini sana na anachokula. Hapo ndo balaa lilipoanzia maana kila anayekuja kumwona anakuja na katazo lake. Shangazi kasema nyama nyekundu inalisha kansa. Jirani kasema sukari marufuku. Kuna mama wa jumuiya kasema mpaka sembe ni sumu, ale dona tu. Halafu hao hao wanaokataza ndo wanaoleta juisi ya biti iliyosagwa haijulikani kwa maji gani, imesafiri kwenye chupa kuukuu kutoka Mbezi na jua lote hili, na wanasimama pale pale wanasubiri ainywe.

Saizi anakula vijiko vichache anasukuma sahani, magauni yanamning'inia. Naomba waliopitia waniambie walifanyaje kiukweli, kwenye nyumba zetu hizi za luku ya elfu tano na maji ya dumu.

Mbagala Mpaka Lini

Pole sana mkuu. Mi nilimuuguza kaka yangu, kansa ya damu, alilazwa muda mrefu. Kitu watu hawakiongelei ni hotpoti. Sisi tunapika Mbagala saa nne asubuhi ili tuwahi muda wa kuona wagonjwa, unapanda daladala, foleni, unashuka unatembea, unafika geti bado hujaruhusiwa, unakaa kwenye benchi na hotpoti yako mapajani. Ukija kufungua wali una ule uvuguvugu wa kama maji ya kuogea mtoto. Nesi mmoja pale wodini ndo alitufungua macho, alisema chakula cha moto kabisa sawa, cha baridi kabisa sawa, hicho cha katikati ndo wadudu wanazaliana humo, na hotpoti ikishapoa inageuka kuwa mashine ya kutotoleshea.

Tulichofanya: maji yanayochemka unayamimina kwenye hotpoti tupu, unafunika unaiacha ipate moto kama dakika kumi, unamwaga, ndo unaweka chakula kikiwa bado kinatokota, na unajaza mpaka juu maana hotpoti nusu inapoa haraka. Mchuzi peke yake, wali peke yake. Na tuliacha kupika saa nne, wa zamu ya mchana alikuwa anaanza kupika saa tano na nusu hata kama atachelewa kidogo. Kilichobaki hakirudi nyumbani wala hakiwekwi kwenye kabati la kitanda "atakula jioni". Kinaliwa na aliyekipeleka, kimeisha.

Mzee wa Supu

Mnatisha watu tu. Bibi zetu walikula kiporo miaka yote, mboga imelala kwenye chungu, asubuhi inapashwa na chai inashuka. Hizo wadudu zenu zimekuja na friji.

nesi wa zamu ya usiku

Mzee wa Supu bibi yako alikuwa na chembe nyeupe zake zote, na wale watoto wa mtaa ule waliokuwa wanakufa kwa kuhara hatuwahesabu kwa sababu hawapo humu kuchangia.

Mleta mada, nafanya kazi na wagonjwa hawa kwaiyo nitaandika kirefu kidogo mnisamehe. Zamani hospitali nyingi duniani zilikuwa zinawakataza kabisa wagonjwa wa kemo matunda na mboga mbichi, kila kitu kilichemshwa mpaka kinakuwa uji. Baadaye watafiti wakalinganisha waliokatazwa na waliokula kawaida ila kwa usafi, na wale wa makatazo hawakuonekana kuepuka maambukizi zaidi ya wenzao. Kilichobaki na maana ni usafi, kupika kuiva, na muda chakula kinachokaa nje. Kwaiyo hayo ya sukari, sembe na nyama nyekundu waambie wageni asante halafu uendelee na sufuria yako. Mgonjwa wa kemo anahitaji nguvu na protini kuliko mimi na wewe. Nyama iliyoiva, samaki, dagaa, maharage, maziwa yaliyochemshwa, mayai ya kuchemsha hadi kiini kikauke. Hataki ugali? Mpe mtori, mpe viazi, mpe uji wenye maziwa na siagi ya karanga, anayempa awe yeyote ambaye mgonjwa humsikiliza, na ale mara sita kidogo kidogo.

Matunda: ndizi, chungwa, papai, embe, parachichi, vyenye ganda analolimenya mtu aliyenawa mikono. Osha tunda KABLA ya kumenya, kisu kinabeba uchafu wa ganda kinaingiza ndani. La kukata barabarani lile kwenye kifuko hapana. Kachumbari wiki zile za chembe kushuka mi huwa nawaambia waiache tu, nyanya ile ile ikaange, basi.

Mayai mabichi kwenye maziwa "kuongeza damu" hapana kabisa, mwaka mzima. Na jambo moja naomba mlibandike ukutani: akipata joto 38 au zaidi ni hospitali usiku huo huo, usimpe panadol kwanza uone kama itashuka. Itashuka kwenye kipimajoto, huku ndani maambukizi yanatembea.

Niite Jirani

Naandika humu kwa sababu hamnijui. Natumia ARV miaka mingi, nilianza nikiwa CD4 (chembe za kinga) ziko chini sana, hali mbaya, nina kuhara kusikokwisha. CTC, kliniki ya ARV, walinipa Septrin ya kukinga maambukizi na kunisisitizia maji ya kunywa, kwamba kuna kidudu cha kwenye maji ambacho hata klorini hakiogopi, ila ukichemsha kinakufa. Tangu siku hizo maji yakitokota kwa nguvu nayaacha yaendelee kidogo ndo nayaepua, yanapoa yakiwa yamefunikwa, nayaweka kwenye ndoo yenye bomba chini ili mtu asichovye kikombe.

Sasa shida haikuwa maji. Shida ni misiba na harusi. Hakuna aliyejua hali yangu zaidi ya mke wangu, na wewe fikiria msibani, pilau imepikwa usiku wa manane, inapakuliwa saa saba mchana, kuna beseni moja la maji watu arobaini wamenawa, na mjomba anakukazia macho mbona huli, umedharau? Nilikuja kugundua nchi hii ukisema una vidonda vya tumbo hakuna mtu anayekuuliza swali la pili. Watu wanakuonea huruma, wanakuhadithia vya kwao, mmoja anakuitia chai ya moto na mkate. Nimeishi na vidonda vya tumbo ambavyo sina mpaka shemeji zangu wananinunulia asali. Saizi niko vizuri, virusi havionekani kwenye kipimo, nakula karibu kila kitu, ila pilau la msibani la saa saba bado tumbo langu lina vidonda 😂

Kisamvu cha Nazi

😂😂 hiyo ya vidonda nimeichukua, bimkubwa ndo ataitumia kwa juisi za biti. Nesi ubarikiwe sana. Nimemsomea ile ya nyama nyekundu, kaniuliza "kwaiyo naweza kula mishkaki?" macho yamemtoka. Vipi hiyo, na ladha je? Analalamika kila kitu kina ladha ya shaba.

nesi wa zamu ya usiku

Mishkaki itengenezeni nyumbani, vipande vidogo, iive mpaka ndani hamna wekundu. Ya barabarani nyama mbichi na iliyoiva vinashikwa na mkono ule ule. Ladha ya shaba ni dawa, mpe kijiko cha plastiki au cha mti, kamulia ndimu kwenye mchuzi kama mdomo hauna vidonda. Ukiwa na vidonda, ndimu na pilipili weka mbali, vitu laini vilivyopoa kidogo.

Chebet wa Eldy

Niko Eldoret, mathe alikuwa kwa chemo mwaka juzi. Kwetu huwezi ongea juu ya chakula bila mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwa kibuyu. Uncle alikuwa analeta kibuyu kizima kutoka nyumbani, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, hayajaona moto, na mathe ndiyo kitu pekee alikuwa anataka kunywa. Daktari akasema maziwa mbichi hapana, yanaleta ugonjwa wa brusela, TB ya ng'ombe, vitu mob. Kumwambia uncle maziwa yake ni mbaya ni kama umemtukana ukoo mzima, alinuna akasema hata yeye amekunywa hiyo tangu azaliwe.

Dada yangu ndiye alimaliza hiyo vita. Hakubishana. Aliomba maziwa yaje kama fresh, akayachemsha mpaka yapande, akaipoza, kibuyu kikaoshwa na maji ya moto ndio kikapakwa makaa kama kawaida, akaweka ya kugandisha kutoka kwa ile paketi ya duka. Uncle akaonja akasema hii ni sawa tu. Hakuambiwa. Mathe alikunywa, kilo zikarudi kidogo. Lakini smokie (soseji za barabarani) na mayai boilo za stage, ile wanapasua na kutia kachumbari imekaa kwa jua tangu asubuhi, hizo tulikataa katakata. Hapo South Africa 2017 na 2018 polony, ile soseji nene, yenye bakteria ya listeria iliua watu zaidi ya mia mbili, na hiyo bakteria inaendelea kuongezeka hata ndani ya friji. Kama ni soseji lazima ichemke hadi moshi utoke, hata kama imeandikwa iko tayari.

Dr Mitishamba Original

Poleni wadau. Nina unga wa kupandisha kinga ndani ya siku saba, kansa, figo, sukari, nguvu za kiume. Njoo inbox.

Mtoto wa Shangani

Dr wewe pita hivi. Baba yangu ana figo ya kupandikizwa, alipandikizwa India kabla Muhimbili hawajaanza (wao walianza 2017), na anakunywa vidonge vya kuishusha kinga kwa makusudi ili mwili usiikatae figo, maisha yake yote. Mtu wa kumpandishia kinga kwa unga wa inbox atakuwa amemuua.

Hapa Unguja shida yetu ilikuwa balungi. Mzee anapenda balungi kupita kiasi, na kwenye karatasi ya dawa yake, takrolimasi, wameandika kabisa asile, linaifanya dawa ipande kwenye damu mpaka inakuwa sumu kwa figo ile ile. Na si kwamba alile asubuhi dawa anywe usiku, halifai kabisa. Mama alikata tamaa kumficha, maana balungi watu wanaleta zawadi kutoka shamba, mwisho akawa analipokea mlangoni, anashukuru, linavuka ukuta kwa jirani. Chungwa la kawaida anakula. Urojo anakula wa nyumbani, chatine imepikwa, na bajia zimetoka kwenye mafuta sasa hivi. Anasema si urojo ule. Kweli si ule, lakini anamaliza bakuli.

Kuku Kishingo

Mi niongezee kuku, nilikuwa nauza sokoni najua ninachosema. Kuku wakishachinjwa wanachovywa kwenye pipa la maji ya moto ili manyoya yatoke. Pipa lile ni moja, asubuhi maji meupe, mchana yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kila kuku wa siku hiyo amepita humo. Mnunuzi akifika nyumbani anamwosha chini ya bomba kwa nguvu, maji yanaruka mpaka kwenye vikombe na kwenye kachumbari ya pembeni. Usimwoshe, hujasafisha chochote, umewagawia vyombo. Mweke moja kwa moja kwenye sufuria achemke, ule moto ndo unaoua. Kibao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Mgonjwa kama uwezo upo nunueni kuku mzima mchinje nyumbani.

Mzee wa Supu

Haya nimekubali. Ila umeme wenu huu, friji ikizima?

Mbagala Mpaka Lini

Usiifungue fungue mzee. Ikiwa imefungwa inashika ubaridi kama masaa manne hivi, friza iliyojaa inafika hata siku mbili. Ukirudi umekuta nyama imelegea na ina joto, ya mgonjwa hiyo haipo tena, wala usiinuse nuse kutafuta ushahidi, wadudu wanaoumiza wengi hawatoi harufu. Sisi tuligandisha mchuzi kwenye vikontena vya mlo mmoja mmoja, unatoa kimoja, unachemsha mpaka kinatokota, hakirudi ndani. Wali hatukuulaza kabisa, kuna sumu ya kwenye wali uliolala nje ambayo hata uupashe vipi haitoki.

Kisamvu cha Nazi

Swali la mwisho halafu nikalale, nesi umesema siagi ya karanga. Zile zetu za kusaga mtaani zinafaa? Na unga wa lishe aliouleta wifi una vitu kama kumi na mbili ndani.

nesi wa zamu ya usiku

Karanga nunua zenye maganda au nzima, mwaga kwenye ungo mchana kweupe, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au chungu tupa, halafu kaanga saga mwenyewe. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, haiishi kwa kukaangwa wala kupikwa. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na walikuwa wameyapika kama kawaida. Zile za mtaani hujui aliyesaga alichambua au alimimina gunia.

Unga wa wifi ndo hivyo hivyo, vitu kumi na mbili maana yake vyanzo kumi na mbili ambavyo hujavikagua, na kama ndani kuna soya iliyosagwa mbichi tumbo litamsumbua. Pika uji wa ulezi au mahindi uliyochambua mwenyewe, soya uongeze iliyokaangwa au iache kabisa uweke maziwa. Unga wa wifi kunyweni nyie, msiutupe, wifi atanuna.