Nani kawaambia Kambarage ni jina la laana? Tumechoka!

Wakuu, leo mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Mwanangu nimempa jina Kambarage. Imekuwa kesi. Kiongozi wa dini tuliyempelekea fomu ya ubatizo alilisoma, akaguna, akalipiga mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "Dennis". Eti Kambarage ni jina la mzimu, mtoto atakua na mikosi. Wazazi tumekaa pale pale mbele yake, hata kutuuliza hakuna!

Ndiyo, ni la mzimu. Mzimu wa mvua wa Wazanaki, kabila la mkoani Mara, tena wa kike. Nani kakataa? Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama, Aprili 1922, kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi. Mpiga ramli ndiye aliyeshauri abadilishwe, awe Kambarage. Sasa kwa watu wanaolima na kufuga, mtoto kuitwa jina la mvua, laana iko wapi hapo? Na Wazanaki hawana tabia ya kupamba majina. Baba yake, chifu Nyerere Burito, aliitwa Nyerere kwa kuwa alizaliwa viwavi wakiwa wamevamia mashamba. Nchi nzima tumelitaja jina la kiwavi miaka yote hii na sijasikia mtu aliyewashwa.

Turudi kwa huyo Dennis. Hilo jina linatokana na Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki wa kale. Kwa hiyo mzimu wa mvua haufai, ila mungu wa ulevi ruksa? Au kosa la wetu ni kuwa mwenyeji wa Mara?

Halafu kuna hawa wa video za "maana ya jina lako". Wao Kambarage ni "shujaa". Jina lolote la Kiafrika kwao ni shujaa, simba au mfalme. Upuuzi mtupu, kaulizeni wazee.

Mwalimu alibatizwa Julius mwaka 1943 na Kambarage hakulitupa, aliingia nalo mpaka Ikulu. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma likaanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na jina lake hilo hilo la mzimu.

Fomu yangu nimeichukua. Cheti cha kuzaliwa kimeshatoka na kinasomeka Kambarage. Mwenye hoja ya laana aje, ila aanze kunijibu la Dennis.