Viatu vya ngozi vya watoto "vya mkono": nimuulize nini muuzaji kabla sijalipa?

Mama_Kwanza

Habari zenu wakuu, naomba mwongozo kwa wanaojua mambo ya viatu. Mwanangu ndo ameanza kutembea, nataka nimchukulie kiatu cha ngozi, nimezunguka mtandaoni naona kila muuzaji anaandika yaleyale, vimeshonwa kwa mkono, ngozi halisi, rafiki wa mazingira, haina kromu, na picha ya mkono wa mtu umeshika sindano basi. Hakuna anayesema ngozi imetoka wapi, nani kashona, kalipwaje. Kuongeza hela kidogo kwangu si tatizo ila mtoto anavaa miezi michache mguu umeshapita, sasa huo utunzaji wa mazingira uko wapi? Halafu kuna hili la viatu kushonwa na watoto majumbani, hilo linaninyima amani kabisa, yani mwanangu avae kitu ambacho mtoto mwenzie kakosa shule akikitengeneza. Nipeni maswali ambayo nikimuuliza muuzaji jibu lake lenyewe litanionyesha kama anajua anachouza. Asanteni.

FundiShazia

Karibu dada. Mimi nashona viatu na vya watoto ndo nashona zaidi, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa karakana.

Usimuulize kama ni ngozi halisi, atasema ndio. Muulize imesindikwa vipi na kiwanda gani. Ngozi mbichi inaoza kwa hiyo lazima isindikwe, na sehemu kubwa ya ngozi duniani inasindikwa kwa chumvi za kromu, yaani aina ya metali, sababu ni haraka, hatua ya kromu yenyewe inaisha ndani ya siku moja hivi, wakati ile ya magome ya miti kama miwati na mialoni inachukua wiki kadhaa, na kwa njia ya zamani ya kulaza kwenye mashimo inaweza kufika hata mwaka. Kromu inayotumika kiwandani ni kromu III, hiyo haina ukali sana, shida ni ngozi iliyosindikwa ovyo, ikatiwa mafuta yasiyofaa au ikapigwa na joto kali, sehemu ya ile kromu inageuka kuwa kromu VI na hiyo ndo inayoleta mzio mbaya kwenye mwili. Ulaya tangu 2015 bidhaa ya ngozi inayogusa mwili hairuhusiwi kufikia miligramu 3 za kromu VI kwa kilo. Muuzaji makini anakuwa na karatasi ya kipimo hicho, au angalau anajua unaongelea nini.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganywa: "haina kromu" sio kwamba imesindikwa kwa mimea. Ngozi nyingi zisizo na kromu zimesindikwa kwa glutaraldehidi, kemikali ya kiwandani, inatoa ngozi nyeupe laini na watengenezaji wa viatu vya watoto wanaipenda. Sisemi haifai, nasema usilipie bei ya magome ya miti ukapewa hiyo. Mwombe picha ya ukingo wa ngozi pale ilipokatwa, ya mimea inakuwa kahawia mpaka ndani, ya kromu mara nyingi katikati ina kijivu cha kibuluu. Kama imepakwa rangi au plastiki nzito juu we angalia ukingo tu, juu hakutakuambia kitu.

Na uliza bitana na soli ya ndani!! Hili nalirudia kwa kila mzazi anayekuja. Mguu wa mtoto haugusi ile ngozi nzuri ya nje unayoiona kwenye picha, unagusa bitana, unatoa jasho humo kutwa nzima, na ndo mahali watu wanapobania hela wanaweka plastiki. Viatu vinavyouzwa Ulaya vinatakiwa viwe na alama ndogo zinazoonyesha juu, bitana na soli ni za nini, umbo la ngozi ya mnyama ni ngozi, umbo la almasi ni vitu vingine, na alama ya ngozi inawekwa kama ngozi imefika asilimia 80 ya sehemu hiyo. Ukiona ngozi juu na almasi kwenye bitana umeshapata jibu.

Mwisho gundi. Kiatu kinaweza kuwa cha mkono kabisa na bado soli imebandikwa kwa gundi ya kopo yenye harufu kali. Baadhi ya hizo gundi zina heksani, kemikali ya kuyeyushia gundi, na heksani inaharibu mishipa ya fahamu, fundi anaanza ganzi vidoleni na miguuni halafu nguvu zinapotea, ugonjwa huu kwa mafundi viatu umejulikana miaka mingi sana. Zipo gundi za maji, na zipo njia za kushona soli moja kwa moja ukatumia gundi kidogo mno. Muulize soli imeshonwa au imebandikwa, na kama imebandikwa, kwa gundi gani.

Bi_Nyuzi

Fundi umeeleza vizuri sana, mi niongezee kuhusu watu, maana nimefanya kazi ya kugawa na kukusanya oda kwa akina mama wanaoshona nyumbani.

Kiatu cha mkono mara nyingi kinaenda hivi: karakana inakata ngozi, mtu wa kati anazichukua zile vipande anazipeleka majumbani, kinamama wanashona sehemu ya juu, anazirudisha, karakana inamalizia soli na kupiga lebo. Anayeshona analipwa kwa jozi. Nta, taa, muda wa kusubiri oda, jozi iliyokataliwa, vyote juu yake. Bei ya jozi ikiwa ndogo unafikiri nini kitatokea, mama anahitaji mikono zaidi ili afikishe idadi na mikono iliyopo ndani ya nyumba ni ya wanawe. Hakuna aliyekaa akapanga kuajiri mtoto, ile bei ya jozi ndo iliyomvuta mtoto pale kwenye mkeka.

Ndo maana swali la "mnatumia watoto?" halisaidii, wote watasema hapana na wengine wanasema kwa moyo safi kabisa sababu hawajui. Muulize hivi: jozi moja inachukua muda gani kushonwa, na anayeshona anapata shingapi kwa jozi? Anayejua kazi yake anajibu palepale. Ukigawanya mwenyewe utaona kwa saa inatoka ngapi. Na akikuambia kiwanda chetu kimekaguliwa, muulize ukaguzi uliishia getini au ulifika mpaka majumbani, maana mimi nimeona ukaguzi unapita vizuri kabisa na nusu ya kazi ilikuwa nje ya lile geti. Lebo ya nchi nayo usiitegemee peke yake, mara nyingi inataja pale kiatu kilipomaliziwa.

Upande wa sheria za kimataifa mikataba ipo. Mkataba wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, namba 138 wa 1973 unaweka umri wa kuanza kazi, namba 182 wa 1999 unahusu kazi mbaya zaidi kwa watoto na 2020 ulifikia kuridhiwa na nchi zote wanachama wa ILO. Ila kuna wa namba 177 wa 1996, wa wanaofanya kazi majumbani, unaosema watendewe sawa na wafanyakazi wengine wa mshahara, huo umeridhiwa na nchi chache mno. Na ndo unaomhusu huyu mama anayeshona kiatu cha mwanao.

Ombi langu moja, usikimbie kila kiatu kilichoshonwa nyumbani. Wauzaji wakiogopa wakaiondoa kazi yote majumbani, wa kwanza kukosa hela ni hao hao kinamama. Tafuta karakana yenye orodha ya wanaoshona, inayolipa nyumbani sawa na inavyolipa ndani.

MtoSafi

Nakubaliana na mengi ila kwenye hili la mimea naomba tuwe waangalifu, watu wanasikia magome ya miti wanadhani maji yanayotoka kiwandani ni ya kunywa. Kabla hujafika kwenye kromu au magome kuna kuondoa chumvi iliyohifadhia ngozi, kuna chokaa na salfaidi za kuondoa manyoya, na hayo yanafanyika njia zote mbili. Robo tu au chini ya hapo ya uzito wa ngozi mbichi ndo inakuja kuwa ngozi ya kutumika, iliyobaki ni manyoya, mafuta, nyama na vipande vya kutupa. Na maji ya magome yenyewe ni meusi, yakiingia mtoni bila kusafishwa yanakula hewa ya samaki. Kiwanda cha kromu kinachosafisha maji yake na kuirudisha kromu kwenye mzunguko kinaweza kuwa jirani mwema kuliko cha mimea kinachomwaga nyuma ya ukuta.

Mnakumbuka Hazaribagh pale Dhaka, Bangladesh, viwanda vya ngozi vilimwaga uchafu wao kuelekea mto Buriganga miaka na miaka mpaka 2017 vilipohamishiwa Savar. Kwa hiyo swali langu kwa muuzaji lingekuwa moja, maji machafu yanaenda wapi. Kuna Leather Working Group ya tangu 2005, wanapima viwanda vya ngozi na kuvipa daraja za dhahabu, fedha na shaba, ni dalili nzuri ya upande wa mazingira kiwandani, ila haikuambii chochote kuhusu aliyeshona kiatu nyumbani kwake. Usichanganye vyeti.

Mama_Kwanza

Jamani asanteni sana, hili la bei ya jozi na la bitana sikuwahi kulifikiria. Bado hili la mguu kukua, fundi, nikinunua kikubwa kidogo ili akae nacho si sawa? Na je, kiatu akikiacha nimpe mdogo wake au watu wanasema si vizuri?

FundiShazia

Kikubwa sana hapana dada, mtoto anakunja vidole kukishikilia kisivuke na anajikwaa. Acha kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu, pima miguu yote miwili akiwa amesimama, jioni, sababu mguu unavimba kidogo mchana, halafu kwa umri huo pima tena kila baada ya miezi miwili mitatu. Ndani ya nyumba aende peku, mguu unapata nguvu na unahitaji jozi moja tu ya nje, hapo umeshapunguza ngozi nyingi kuliko cheti chochote.

Kumpa mdogo wake, inategemea. Kiweke mezani ukiangalie kwa nyuma, kama kisigino kimelika upande mmoja au soli ya ndani ina shimo la kidole gumba usimpe, kitamlazimisha atembee kama kaka yake. Kikiwa kimekaa sawa, soli bado inajikunja pale vidole vinapojikunja, mpe. Ndo maana mimi za watoto naweka soli ya ndani inayotoka, nashona soli badala ya kubandika, ngozi laini ya bitana, yule wa pili anakuja nabadilisha soli ya ndani kinaendelea. Mwambie muuzaji unataka soli ya ndani inayotoka na uulize kama anauza ya kubadilishia. Kikilowa usikiweke juani wala kwenye moto, jaza karatasi ndani kikauke kivulini, ngozi ya mimea hasa ikipata joto inakakamaa na kupasuka na hapo hakuna mdogo wa kurithi.

Bi_Nyuzi

Na wakikujibu vizuri dada rudi hapa utuandikie walichosema kuhusu muda na malipo ya jozi, kuna wazazi wengi wanasoma kimyakimya wanahitaji kulinganisha.