Ukaguzi wa silaha kwenye nchi isiyotaka kukaguliwa: unafanyaje kazi, na unakwama wapi?

Mdadisi

Wakuu, naomba maelezo ya wanaoijua hii kazi. Kila ukizuka mgogoro wa silaha za nyuklia au za kemikali, mjadala unagawanyika. Wapo wanaosema serikali ikishaamua kuficha, mkaguzi hana lake. Wapo wanaotaja Irak: wakaguzi walisema hawajaona silaha, vita vikapiganwa, na kweli hazikupatikana. Lakini Korea Kaskazini iliwafukuza ikatengeneza bomu, na Syria ilidai imekabidhi kila kitu, halafu sarini, sumu ya neva, ikaua watu mji wa Khan Shaykhun tarehe 4 Aprili 2017.

Mkaguzi anayeingia kwa mwenyeji asiyemtaka anategemea nini hasa? Uongo unanaswaje? Na ni wapi ukaguzi hushindwa hata wakaguzi wawe hodari vipi?

Chembechembe

Mdadisi, anza na hili: mkaguzi hapekui nchi. Irak peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 430,000, na hakuna kikosi cha kuzimaliza. Kazi yake ni kuchukua kile ambacho serikali imeandika kwa mkono wake na kukitafutia mahali kinapogombana na vitu vyenyewe. Ndiyo maana hata taarifa ya uongo ina thamani: imeshasainiwa, na kila tarakimu iliyomo inaweza kupimwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Korea Kaskazini mwaka 1992. Waliiambia IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, kwamba walichuja plutoniamu (kuitenga na mafuta ya kinu yaliyotumika) mara moja tu, mwaka 1990, wakapata kama gramu 90. Wakaguzi wakapangusa sehemu za kazi kwenye kituo chao cha nyuklia cha Yongbyon na kuchukua sampuli za taka. Plutoniamu itokayo kwenye kinu huwa na kiasi fulani cha plutoniamu-241, ambayo nusu yake hugeuka amerisiamu-241 kila baada ya miaka kama 14. Ukiichuja kwa kemikali, amerisiamu inaondoka, kisha inaanza kujikusanya upya. Kwa hiyo uwiano wa hivyo viwili unakutajia plutoniamu ilichujwa lini. Sampuli za Yongbyon hazikutaja tarehe moja. Zilionyesha angalau awamu tatu: 1989, 1990 na 1991. Februari 1993 IAEA ikaomba ukaguzi maalumu wa maeneo mawili ya taka, Pyongyang ikakataa, na tarehe 12 Machi ikatangaza kujitoa kwenye NPT, mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Uongo ulinaswa ndani ya mwaka mmoja. Kilichoshindikana ni hatua ya baada ya kuunasa, na hiyo haiko mikononi mwa wakaguzi.

Kupangusa kwenyewe ni kazi ya nidhamu. Wanakuwa wawili. Mmoja amevaa glavu safi na ndiye pekee anayegusa kitambaa cha pamba cha sentimita 10 kwa 10. Mwenzake anaandika mahali na saa, anafungua mifuko. Kitambaa kinatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na huo unatiwa ndani ya mwingine. Ukihamia sehemu nyingine, glavu mpya. Mahali pamoja panapanguswa vitambaa kadhaa ili viende maabara tofauti na kimoja kibaki akiba. Meza inayong'aa huna haja nayo sana. Unaitaka fremu ya juu ya mlango, tundu la hewa, nyuma ya bomba, ufa wa sakafu. Kosa linaloharibu kila kitu ni mkaguzi kutoka kwenye kiwanda kimoja na kuingia kingine na nguo zilezile, maana maabara inasoma chembe moja moja zenye upana wa mikromita.

Uone nguvu yake: karakana ya Kalaye Electric, Tehran, 2003. Iran ilizuia sampuli kwa miezi huku jengo likikarabatiwa. Agosti wakaguzi walipopangusa, chembe za urani iliyorutubishwa bado zilikuwepo, ilhali Iran ilikuwa imesema haijarutubisha. Oktoba ikakiri kujaribu mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kurutubisha urani, kwa gesi ya urani. Lakini tahadhari: chembe inakwambia ni kitu gani, haikwambii ni cha nani. Nyingi kati ya zile za urutubishaji wa juu zilikuja kuonekana zimeingia na vipuri vilivyokwisha kutumika nje ya nchi.

Ankara

Niongeze Irak, maana pale silaha kubwa ya wakaguzi ilikuwa karatasi za mauzo.

Azimio 687 la Baraza la Usalama, Aprili 1991, liliipa UNSCOM, tume ya Umoja wa Mataifa ya kukagua silaha za Irak, haki ya kuingia popote. Kwenye uwanja haki hiyo ilipiganiwa kila siku. Juni 1991, karibu na Fallujah, walinzi walifyatua risasi hewani wakati wakaguzi wakipiga picha malori yaliyokuwa yakihamisha mitambo ya sumaku ya kutenganisha urani. Septemba wakaguzi 44 walizingirwa siku nne kwenye maegesho ya magari Baghdad kwa kukataa kurudisha nyaraka za mradi wa nyuklia. Wenyeji walidhani wanazuia, kumbe walikuwa wanaonyesha pa kuchimba.

Silaha za kibiolojia zilifichwa vizuri zaidi kwa sababu mtambo wa kuotesha bakteria unaweza kuitwa kiwanda cha chakula cha mifugo, na ndivyo walivyouita ule wa Al Hakam. Irak ilikana kwa miaka minne. UNSCOM ikawaendea wauzaji wa nje. Hesabu ikaonyesha kwamba mwaka 1988 Irak iliagiza kama tani 39 za unga wa kuoteshea bakteria. Jibu la Baghdad: ni wa hospitali. Lakini hospitali za nchi nzima zilitumia chini ya kilo 200 kwa mwaka. Tena hospitali hununua vikopo vidogo, maana unga huo ukishafunguliwa huharibika. Huu ulikuja kwenye mapipa ya kilo 25 hadi 100. Tani 17 hivi hazikuwa na maelezo. Tarehe 1 Julai 1995 wakakiri kuzalisha kimeta na sumu ya botulini.

Angalieni tarehe hiyo. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam aliyesimamia miradi ya silaha, alikimbilia Jordan mwezi Agosti, yaani baada ya ungamo. Wanaosema bila mtoro wakaguzi wasingejua kitu wamepindua mfuatano. Kutoroka kwake kulileta sehemu iliyobaki: masanduku ya nyaraka kwenye shamba la kuku, na kukiri kwamba sumu ilijazwa kwenye mabomu na vichwa 25 vya makombora.

Sasa mahali ilipokwama. Kiangazi cha 1991 Irak iliteketeza kwa siri sehemu ya silaha zake bila shahidi wala kumbukumbu za kutosha. Kombora linafukulika: kati ya makombora 819 ya Scud yaliyotoka Umoja wa Kisovieti, hatima ya 817 ilijulikana, kwa sehemu kwa kulinganisha namba za injini kwenye mabaki. Sumu ya majimaji iliyomwagwa ardhini haina namba. Kwenye ripoti inaandikwa "haijathibitika ilipokwenda", na mwanasiasa anasoma "ipo". Kuanzia 27 Novemba 2002 hadi wanaondolewa 18 Machi 2003, UNMOVIC ya Hans Blix, tume iliyorithi kazi ya UNSCOM, ilifanya kaguzi 731 kwenye maeneo 411, ikakuta hasa makombora ya Al Samoud 2 yaliyovuka kikomo cha kilomita 150, na ikaanza kuyaharibu. Baada ya vita Wamarekani wenyewe walitafuta akiba ya silaha za maangamizi kwa zaidi ya mwaka wasiione. Ukaguzi ulikuwa umefaulu, na waliokuwa na uwezo wa kuusikiliza hawakuusikiliza.

Kuna jeraha jingine la kujitakia: mapema 1999 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba ujasusi wa nchi hiyo uliitumia UNSCOM kunasa mawasiliano ya Irak. Tangu hapo kila serikali inayotaka kufunga mlango ina hoja tayari.

Sampuli Mbili

Na mimi niwe mkali kidogo kwa Chembechembe. Kwamba taarifa ya uongo ina thamani ni kweli kwa plutoniamu. Kwa kemikali, uongo huohuo unamnunulia mwongo muda na heshima.

Syria ilijiunga na mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali Oktoba 2013 ikatangaza kama tani 1,300 za kemikali. Shehena ya mwisho iliyotangazwa ilitoka tarehe 23 Juni 2014, na kemikali za kutengenezea sarini zikaharibiwa baharini ndani ya meli Cape Ray. Hayo ni mafanikio makubwa, sitayapunguza. Ila OPCW, shirika linalosimamia mkataba huo, ilikagua kilichotajwa. Kisichotajwa kiliachiwa timu ya kuhakiki taarifa, iliyoundwa 2014. Sampuli ikionyesha kemikali mahali ambapo haikutangazwa, Damascus ilileta maelezo mapya, yakikataliwa inaleta mengine. Serikali ya Assad ilianguka Desemba 2024 maswali mengi yakiwa bado wazi.

Adui mkubwa wa ukaguzi wa kemikali ni siku. Ghouta, pembezoni mwa Damascus, ilishambuliwa kwa sarini 21 Agosti 2013, na kwa bahati timu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa tayari iko Damascus kwa kazi nyingine. Iliingia tarehe 26, gari likapigwa risasi na wadunguaji, ikaendelea. Sarini yenyewe huvukiza upesi, lakini mabaki ya kuvunjika kwake hukaa kwenye udongo na alama zake hubaki kwenye damu. Wakapima pia pembe za roketi zilizochoma ardhini, nazo zinaonyesha zilikotokea. Linganisha na Douma, pia Syria: shambulio la klorini 7 Aprili 2018, wakaguzi wakafika eneo la tukio 21 Aprili. Klorini ni kemikali ya kusafishia maji, haiachi alama ya kwake peke yake. Unabaki kutafuta misombo iliyojiunga na mbao na saruji.

Halafu kila sampuli inagawanywa, inafungwa lakiri, inapelekwa kwa maabara mbili zilizoidhinishwa. Lakiri ikikatika njiani au saa moja ikikosekana kwenye fomu ya makabidhiano, matokeo mazuri kiasi gani hayatasimama mbele ya wanadiplomasia.

Mkataba una dawa ya haya, ukaguzi wa ghafla unaoombwa na nchi nyingine: taarifa saa 12 kabla ya kutua, na kuingia ndani ya eneo kabla ya saa 108 kwisha. Tangu mkataba uanze kutumika 1997 haujawahi kuombwa hata mara moja. Anayeomba akikosa kitu anabeba fedheha, na wengi wanaogopa kuombwa wao kesho. Hili linanikera kuliko Syria yenyewe.

Mdadisi

Shukrani sana. Swali la nyongeza: wakifunga mlango kabisa, au wakiacha nusu, kinachopotea ni nini? Si setilaiti zipo?

Chembechembe

Setilaiti inaona paa, malori na udongo uliochimbuliwa. Haioni mashinepewa ndani ya karakana ya kawaida. Hata ikikuonyesha pa kwenda, bado kuna mbio na anayefuta ushahidi. Nchini Iran, eneo la Lavizan-Shian lilibomolewa na udongo ukaondolewa, sampuli za 2004 hazikutoa chembe, kwenye ghala la Turquzabad makontena yaliondolewa, lakini sampuli za 2019 zilitoa chembe za urani. Na kazi ya kompyuta au majaribio ya baruti bila urani haiachi cha kupangusa. Ndiyo maana zile siku 24 za kumaliza mabishano ya kuingia eneo, kwenye makubaliano ya nyuklia na Iran ya 2015, zilitosha kwa urani na hazikutosha kwa hayo mengine.

Kinachopotea mlango ukiachwa nusu ni mwendelezo wa hesabu. Februari 2021 Iran iliacha kutekeleza itifaki ya ziada, inayowapa wakaguzi upana zaidi wa kuingia na kuuliza, na Juni 2022 ikaondoa kamera 27. Vinu na akiba ya urani vilibaki chini ya ukaguzi wa kawaida, ambao unahesabu kwa kilo: kilo 8 za plutoniamu, au kilo 25 za urani-235 kwenye urani ya urutubishaji wa juu, ndiyo kipimo cha bomu moja. Lakini karakana za rota, sehemu inayozunguka ya mashinepewa, zilitoka machoni. IAEA haijui zilitengenezwa ngapi kipindi hicho. Ili kuziba pengo inahitaji kumbukumbu za uzalishaji, ankara za malighafi, na orodha ya zilizovunjika kiwandani, vyote kutoka kwa mwenyeji yuleyule. Mnyororo mmoja, yaani mashine zilizounganishwa pamoja, wa kizazi cha kwanza pale kiwanda cha urutubishaji cha Natanz ulikuwa na mashine kama 164. Kosa la makadirio la ukubwa huo ni mnyororo mzima usiojulikana ulipo. Kamera zikirudishwa, hesabu inaanzia siku zilipowashwa.