Tupeane uzoefu: kinywaji kilipokuponza ndani ya gari

Mwana wa Peugeot
Wakuu, leo mwanangu kaniuliza kwa nini gari ya babu haikuwa na pa kuweka chupa ya maji. Nimekumbuka mbali. Ile Peugeot 504 ya marehemu baba ilikuwa na kisahani cha majivu ya sigara, lakini kikombe unashika mwenyewe. Leo gari zina kapholda, yaani vishikio vya vikombe, mpaka mlangoni. Nani ana kisa?

Mama Kimara
Mimi kovu ninalo pajani. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, nimemimina chai ya maziwa ya moto kwenye kikombe cha bati, nimekibana mapajani maana gari haikuwa na pengine pa kukiweka. Kabla ya Ubungo bodaboda akakatiza. Nikakanyaga breki, chai yote mwilini. Kushoto daladala, kulia lori, siwezi kutoka wala kusimama. Nikalia huku naendesha. Kanga ilishika ngozi, nesi akaibandua taratibu kwa maji. Wiki tatu sikukaa sawasawa.

Dada wa Sinza
Pole sana mama. Maji ya moto na mapaja, hapana.

Msomaji wa Magari
Pole mama. Kisa chako ni cha Stella Liebeck kabisa, yule bibi wa miaka 79 wa Albuquerque, Marekani, mwaka 1992. Alikuwa kwenye Ford Probe ya mjukuu wake, imesimama, haina kishikio cha kikombe. Akabana kahawa katikati ya magoti ili afungue kifuniko. Ikammwagikia, akalazwa siku nane, akawekewa ngozi ya kupandikiza. Na wakati huo kampuni ya Chrysler walishaweka vishikio kwenye gari zao za Dodge Caravan na Plymouth Voyager tangu 1983! Wajerumani ndio walikaza shingo miaka mingi.

Kijana wa BMW
Usiwaseme Wajerumani. Gari ni ya kuendesha, siyo mgahawa.

Dereva Mbagala
Foleni ya Mbagala saa mbili unaendesha nini, kaka? Wajapani wanajua kazi. Probox ya kuanzia 2014 ina pa kuweka hata pakiti ya lita moja ya maziwa.

Kijana wa BMW
Probox ni ya mizigo, mkuu. Usilinganishe.

Msomaji wa Magari
Subaru Ascent ina vishikio 19, watu wanane. Hiyo nayo ni ya mizigo?

Baba Gongo la Mboto
Acheni ubishi, chai inaunguza ila chupa inaua. Nashuka Pugu na familia, chupa ya nusu lita ikabiringika kutoka chini ya kiti, ikaingia nyuma ya pedali ya breki. Nakanyaga, haiendi. Mbele daladala inashusha abiria. Mke wangu kanyamaza kimya, ndipo nikajua kaona. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikaingia kwenye mchanga wa pembeni. Chupa ilikuwa imejaa, haijafunguliwa. Tupu ingebonyea.

Dada wa Sinza
Mungu wangu. Watoto walikuwemo?

Baba Gongo la Mboto
Watatu, nyuma. Mdogo alikuwa amelala.

Mama Kimara
Mungu mkubwa, baba. Basi tuweke chupa mlangoni.

Dereva Mbagala
Mlangoni ukibamiza inaruka. Usibebe kitu, kunywa ukifika.

Dada wa Sinza
Kwa joto la Januari? Tutazimia.

Fundi Tandika
Na soda msiweke karibu na gia. Ikimwagika, sukari inaganda, gia ya otomatiki inagoma kutoka P, ile ya kuegesha. Chomoeni waya wa betri, mfute kwa spiriti, msimwagie maji.

Dereva Mbagala
Mimi nilimwagia maji swichi za vioo, zikapona.

Fundi Tandika
Zitaanza kutu, utanitafuta.

Mwana wa Peugeot
Nimetoka sasa hivi kuangalia chini ya kiti changu. Chupa mbili, moja imejaa.